Mkono Usio na Uzito

Bixente Olaskoaga, miaka themanini na mbili,
anavua suruali bila haya, kama mtu aliyezoea kutazamwa.
Anakunja mkanda wake mpana, anauweka kitini.
Nje, Tolosa inanyesha mvua yake nyembamba,
ile isiyokulowesha mpaka ufike nyumbani.

"Unajua mimi ni nani?"
Najua. Babu yangu aliuza ndama wawili kwa ajili yako,
Jumapili ile ya uwanjani Azpeitia,
ulipoliweka begani jiwe la kilo mia mbili na kumi
naye dau lake lilikuwa kwa mpinzani wako.
Kwetu jina lako halikutajwa mezani
ila kwa mtu kusukuma sahani.

Hapa dau ni dogo.
Napima paja kwa utepe, toka nyonga hadi kilegesambwa,
natia nukta ya wino katikati.
"Lala chali. Mguu uulegeze."
"Kulegeza," anasema, "hawakunifunza."

Jeli ni baridi. Anatukana kwa Kibaski,
anaomba radhi kwa Kihispania.

Mwalimu wangu wa ultrasaundi, Bibi Arantxa, hakuanza na watu.
Aliniwekea bakuli la maziwa ya kondoo yaliyoganda:
tuliza kichwa cha mashine juu yake, Garazi.
Yakitoa maji, umekandamiza.
Wiki mbili nilikula makosa yangu kwa asali.
Maana ukikandamiza, msuli hubonyea, namba husinyaa,
na mzee wa watu anaandikiwa udhaifu
ambao ni uzito wa mkono wako.

Basi nauondoa mkono ndani ya mkono.
Nabaki na jeli tu kati yangu naye.

Skrini inafunguka: ngozi, mstari.
Mafuta, ukanda. Kisha msuli,
uliotakiwa uwe mweusi kama shamba lililolimwa jana,
na michirizi yake myeupe michache.
Wake una ukungu. Ukungu umeingia hadi kwenye matuta.
Chini kabisa mfupa, upinde mweupe,
haujasogea.

"Huo weupe?"
"Mafuta. Yamekaa mahali pa nyama."
"Wapangaji," anasema. Anatazama tena. "Na kodi hawalipi."

Sentimita moja na nukta mbili.
Napima mara ya pili. Ya tatu.
Anatenganisha kidole gumba na cha shahada,
anaushika unene huo hewani, anaufumba jicho moja.
"Hujanigusa bado," anasema.
"Nimeshamaliza."

Nikamsimamishia kiti.
Mikono kifuani, inuka, kaa, mara tano, saa inahesabu.
Ya kwanza alinuka vumbi la chaki, naapa.
Ya tatu alipumua kwa kelele.
Ya nne alisimama nusu, akarudi chini,
akakigeukia kiti na kukizunguka taratibu
jinsi walivyokuwa wakizunguka jiwe kabla ya kulikumbatia.
Bintiye, mlangoni, alitazama mvua.

Natoa picha ya paja, karatasi ndogo inayojikunja.
"Babu yako yu hai?"
Sijibu upesi.
"Mpelekee. Mwambie dau lake limelipwa."
Naitia mfukoni. Kaburi liko njiani, tena
nimesahau mwavuli.

Kisha naandika: mayai, maharage, samaki.
Kiti, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni.
Arudi baada ya wiki kumi na mbili.
Anaisoma karatasi kwa urefu wa mkono mzima,
maana miwani imebaki chini ya mkanda.

"Hiki kiti. Kina kilo ngapi?"

Nafungua faili, nasoma alichopimwa asubuhi mizanini.
"Sabini na moja."

Anajifunga mkanda, tundu la mwisho,
na tundu jingine jipya, la msumari.
"Sabini na moja," anasema.
"Hilo tulikuwa tunawapa watoto."
Na anainama kulitafuta pa kulishikia.