Dakika za Papuna

Mwezi wa tatu, dakika kumi na moja.
Mwezi wa nne, sufuri.
Nilizihesabu hapa Bari, jikoni kwa Bibi Ersilia,
simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya zeituni,
mkono mmoja unamlisha supu,
wa pili unautafuta uso wako
kwenye benchi la timu ya Poland:
wa nne kutoka kushoto, kofia mpaka nyusi.

Ulizaliwa Chiatura, mji wa madini meusi,
ambako mto hupita umejifunga kaniki
na watu hupanda kazini ndani ya sanduku la chuma
linaloning'inia kwenye waya.
Uwanja wenu ulikuwa kipande cha tambarare
ambacho milima ilikisahau.
Mpira ukitoka, umetoka kweli,
unashuka ngazi mia na zaidi hadi kwa kinyozi.
Ndiyo maana hukupenda kuuachia.
Kocha Gocha alisema, "Kwa huyu mpira ni deni,
halipi mpaka ashikwe shati."

Njumu zako za kwanza nilizituma mimi,
namba thelathini na nane.
Mguu ulikuwa umeshafika arobaini.
Ukazikata ncha kwa kisu cha jibini
ukawafunga Zestaponi mabao mawili,
soksi zikichungulia.
Sikuyaona. Shangazi yako Tsiala alinisimulia,
na salio likaisha
kabla ya bao la pili.

Kisha Kutaisi: jezi yenye jina mgongoni,
mshahara unaokuja kwa kuchechemea.
Kisha wakala, viatu vyake viking'aa kuliko maneno yake,
mkataba wa kurasa kumi na tisa,
nawe una miaka kumi na tisa;
ukatia sahihi kama atiaye mguu mtoni,
haraka, kabla baridi haijampata.

Nyumba ikabaki na ufunguo wake kwa jirani.

Katika lugha yetu, Papuna, *mama* ni jina la baba.
Mimi ni *deda*.
Nilipomweleza Bibi Ersilia
alicheka mpaka meno yakamtoka,
tukayaokota chini ya meza.
Sikumweleza kwamba baba yako alishuka mgodini Jumanne
na Alhamisi tukaletewa kofia yake,
na kwamba nilipopanda basi la kuja huku
nilibeba majina yote mawili katika begi moja.

Usiku ule ulipiga saa nane,
goti limevimba kama boga,
dawa zimekulegeza ulimi.
Ukasema, "Mama,"
kama wasemavyo watu wa huko.
Halafu kimya. Nikasikia reli zikipita chini ya dirisha lako.
Sikujua ulimwita nani kati yetu.
Niliitika.

Leo hukuniaga wala kunieleza.
Tsiala ndiye aliyeinua simu yake juu ya umati,
na umati wenyewe watu sitini, na mbwa.
Daraja la pili, Chiatura dhidi ya wageni,
sanduku la chuma likipita juu ya goli la kaskazini
bila haraka.
Ulikuwa mzito kidogo. Goti umelifunga bandeji.
Beki mmoja, mtoto mdogo, alikupita mara mbili
nikamtukana kwa Kiitaliano.
"Yule ni Donato," Bibi Ersilia akasema,
akikugusa kwa kijiko.
Donato ni kaka yake, alikufa zamani.
"Ndiye," nikasema. "Kula."

Mmefungwa moja bila.
Dakika ya themanini na nane ukaupiga mpira juu ya ukuta,
ukashuka ngazi hadi kwa kinyozi,
na mpira wa akiba hakuna.
Basi watu ishirini na wawili wakasimama, mikono viunoni,
refa akitazama saa yake kwa aibu,
wakimsubiri mtoto aliyetumwa.
Supu ikapoa.
Nami sikuondoka.
Wewe uliinama kukaza kamba za njumu,
ya kulia, kisha ya kushoto,
kisha ya kulia tena,
na hizo nazo nikazihesabu.