Beringi ya Kushoto

Uliitambua kabla haijafika, Fundi Lugata.
Ilikuwa bado kule kwenye tuta la Mabatini,
sisi tumeinamia injini ya mtu mwingine,
ukasema bila kuinua kichwa:
"Kirikuu ya Nyabise. Mbele. Kushoto.
Inaunguruma kama jiwe linalosaga ulezi usiku."
Sikio lako la kulia lilikwisha kufa kwa nyundo.
Kumbe moja linatosha.

Nyabise akashuka, magamba ya sangara kwenye kandambili.
"Wiki nzima naongeza sauti ya redio," akasema.
"Leo imenishinda."

Jeki. Mawe mawili nyuma ya tairi;
jiwe hapa Mwanza halijawahi kukosa kazi.
Ukalishika tairi juu na chini, ukalitikisa:
kg, kg,
jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Kalipa tukaifunga kwa waya kwenye springi,
"usiiache ining'inie kwa paipu, hiyo si kuku wa mnadani."
Nati ya shafti ikagoma.
Ukachomeka bomba kwenye spana, tukalining'inia wawili,
mimi na Nyabise, kanga ameikaza kiunoni,
mpaka ikapiga kelele, ikaachia,
tukaangukiana kwenye oili.

Ndani hamkuwa na grisi.
Mlikuwa na chai ya maziwa.

"Pale Kayenze unarudi nyuma mpaka wapi?"
"Mpaka vijana wasilowe magoti. Wakilowa wanapandisha bei."
"Basi wao hawalowi. Gari ndilo linalooga."
Ziwa lilikuwa limepanga chumba mle,
limelala katikati ya gololi,
mpangaji asiyelipa, anayekula milango.

Nikatumwa mjini kununua mpya.
Ukaigeuza mara moja, ukaona herufi zimechapwa upogo,
ukanirudishia hata boksi hujafungua vizuri.
Nikaenda tena. Jua la saa saba. Sikulalamika
kwa sauti.

Presi hatuna.
Ile ya pili tukaifunga mifuko miwili,
tukaizika kwenye barafu iliyobaki ndani ya kasha la samaki,
na nyumba yake tukaiweka juu ya jiko la mkaa.
"Huyu ajikunyate, yule atanuke," ukasema,
"watapishana mlangoni bila kugombana."
Nyabise akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha ukanipa nyundo. Mimi.
"Gonga pete ya nje. Ukigonga ya ndani
umeiua kabla haijatembea."
Na tulichokitanguliza juu yake, ili nyundo isiiguse,
kilikuwa pete ya ile ya zamani,
imekwaruzika, imebabuka rangi ya bluu,
inamsukuma mwenzake
mahali ilipotolewa asubuhi.
Nilitaka kusema kitu.
Nikagonga.
Ti, ti, ti. Halafu: to.
"Imekaa," ukasema. "Umesikia?"
Nilisikia.

"Na ya kulia?" Nyabise akauliza.
"Ya kulia imeoga maji yaleyale."
Akahesabu noti, zote zina harufu ya mwaloni.
Zikaishia kushoto.

Gololi saba zilizobaki nzima
akawachukulia wanawe.

Jioni, alipoliwasha, ulizima redio ya gereji,
ukainua kidole chenye grisi.
Gari likashika barabara ya Buzuruga.
Kushoto kimya,
kimya cha mtu aliyeshiba.
Tukazidi kusikiliza. Pikipiki zikapita.
Halafu kwa mbali, upande wa kulia, chini kabisa,
kama mtu anayejaribu wimbo
ambao bado hajui maneno yake…

"Miezi miwili," ukasema,
ukaenda kunawa mikono kwa sabuni ya unga.