Mipigo kwa Sekunde

Lilitua Entebe usiku, kasha la risasi,
na askari wa geti la Mulago, aliposoma hati,
alirudi nyuma hatua mbili, mkono kwenye bunduki.
Nikamwambia: afande, si ile risasi.
Ni madini tu, mazito, ya kuzuia. Ndani mna maji
ambayo hutayaona yakifanya lolote.
Akasema: hapo ndipo pa kuogopa.

Saa moja asubuhi Candiru alichomwa sindano,
tone moja chini ya ngozi, kando ya chuchu.
Alikuwa sajini, Arua, miaka ishirini na miwili;
Kiswahili chake bado kimevaa buti.
"Nitawaka gizani?"
Hapana, mama.
"Basi mtanionaje?"
Tutakusikia.

Dawa hii hufa nusu kwa saa sita,
iliyobaki ikafa nusu, kisha nusu ya nusu,
kama shamba la mlimani kule Kigezi:
wana wakagawana, wajukuu wakagawana,
hadi kijukuu akarithi upana wa jembe.
Kwa hiyo hatungoji.
Saa nne umeme ulikatika. Jenereta likakohoa mara tatu, likaamka.
Kifaa changu kina betri zake, hakikujali.

Daktari Nuwagira amefungua kwapa, upana wa vidole vitatu.
Ananyosha mkono bila kugeuka, nampa kijiti
kilichovikwa mfuko uliotakaswa.
Kazi yangu ni kutazama namba na kuzisema.
Begani: sita.
Ubavuni: tisa.
Watu saba chumbani, na hakuna anayemeza mate.
Anakiinamisha kidogo, chini ya msuli,
na mashine inalia kama bisi sufuriani,
moja, mbili, halafu zote.
Mia nane na arobaini.
"Huyo," anasema daktari.
Hakusema hiyo.

Huyo, tezi mlinzi, wa zamu ya kwanza.
Kama ugonjwa ulitoka titini kwenda mbali,
ulipita getini kwake.

Akatolewa, akalazwa kwenye sahani ya chuma,
nikampima peke yake: mia tisa na kumi na mbili.
Kanuni yetu: yeyote anayefika sehemu ya kumi ya huyo,
naye atoke.
Wa pili, mia na tatu. Akatoka.
Wa tatu, tisini.

Tisini.
Sehemu ya kumi ni tisini na moja na ushee.
Daktari akanitazama juu ya barakoa.
Mipigo haiji kwa foleni; sekunde hii tisini,
ijayo tisini na nne, halafu sabini na tisa.
Nikasema: nipe sekunde kumi nzima, usitikise mkono.
Mkono wake haukutikisika. Wangu ndio.
Themanini na sita.
"Mwache," nikasema,
kwa sauti ya mtu anayekataa sukari kwenye chai.

Majibu ya darubini ni baada ya siku tisa.
Sijui kama wale wawili walikesha
au walisinzia zamuni.

Jioni nilipima shashi, glavu, ndoo,
na kiganja changu cha kulia.
Vyote nikavifungia stoo, isipokuwa kiganja,
nikaandika mlangoni: visiguswe hadi Jumamosi.
Jumamosi vitakuwa takataka kama takataka nyingine.

Wodini Candiru amezinduka. Anadai uji, na ripoti.
"Mmewakamata wangapi?"
Wawili, afande. Wa tatu tumemwacha kazini.
Akafumba macho, nikadhani amelala.
Jina lake kwao lina taabu ndani yake;
aliniambia asubuhi, akicheka, nikifunga kizibo.
"Huyo wa tatu," akasema,
"mmemwandika daftarini?"
Nimemwandika.
"Kwa jina gani?"
Themanini na sita.
"Haya," akasema. "Uji."