Mche wa Kalemie

Mwezi wa sita Katuba hauji kwa kelele.
Unaanzia miguuni, pale saruji ya ua
inapouma nyayo kabla ya jogoo,
kisha unapanda puani mwa watoto,
kisha unafika kwenye nyanya.

Nyanya hazijui kulalamika.
Asubuhi tu unazikuta zimelegea,
majani meusi kama mboga iliyosahaulika motoni.

Mwaka wa kwanza nilipoteza kila kitu.
Chola akanicheka juu ya ukuta:
"Mama Mwape, Lubumbashi si ziwani!"
Kweli si ziwani. Huku ni juu, hewa imekauka,
usiku mbingu haina hata wingu la kujifunika,
joto lote la mchana linatorokea huko.

Basi wifi yangu Sangwa akanitumia mchikichi.
Mche wa majani matatu, ndani ya kopo la maziwa ya unga,
treni ikakwama nao Kabalo siku nne.
Umeota, alisema, nyuma ya nyumba
alimozaliwa marehemu.
Sasa nani atautupa?

Sina nyumba ya vioo.
Umeme wetu ni kama shemeji mlevi:
anakuja bila taarifa, anaondoka na kitu.
Nina ukuta.
Matofali ya udongo wa kichuguu, yanatazama kaskazini,
liliko jua letu la baridi.
Kutwa yanakunywa, usiku yanarudisha
kidogo kidogo, kama mtu anayelipa deni kwa aibu.
Hapo nikauegemeza mche.

Nina bidoni nne za njano.
Saa sita nazijaza, naziacha juani,
jioni zinauzunguka mche kama wakunga.
Nina gunia la makala, tupu,
na blanketi la kijivu alilopewa mume wangu na reli
mwaka walioacha kumpa mshahara.

Funika kabla jua halijazama.
Ukichelewa, unafunika baridi yenyewe.
Asubuhi funua mapema, la sivyo unaupika.
Maji ni ya mchana. Mche uliolala na miguu iliyolowa
usiulaumu usipoamka.
Kabange, mwanangu wa mwisho, alitaka tuuwekee mbabula.
Nikamwambia moshi wa makala hauchagui,
majani au watu.

Viazi vya dalia viko chini ya kitanda changu,
kreti ya bia, mchanga mkavu.
Nalala juu ya maua ambayo bado hayajanijua.

Halafu mwezi wa saba, usiku wa kilio cha baba yake Chola.
Tuliimba mpaka sauti zikaisha.
Saa nane za usiku nikakumbuka blanketi
na nikabaki nimekaa. Ningesimama vipi,
mikono ya Chola ikiwa ndani ya yangu?

Kulipokucha, bondeni kwa Kafubu
nyasi zilikuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa unga wa bukari.
Mchikichi ulikuwa na rangi ya chai.

Chola alikuja siku ya tatu, macho bado mekundu.
Hakucheka. "Ng'oa," alisema, "upande lengalenga."
Nikainama. Katikati kuna jani ambalo halijafunguka,
limekunjwa kama mkuki.
Ukilivuta likatoka, limeoza, basi, zika.
Nikalishika kwa vidole viwili.
Nikavuta.

Likanivuta.

Yale majani yaliyokufa sikuyakata.
Chola alisema yanachafua ua.
Nikamwambia yaache, nayo yanafunika,
mpaka mvua ya kwanza, mwezi wa kumi,
ndipo nitachukua kisu.

Jumapili Sangwa alipiga simu.
Mtandao unakatika, nasikia watu na kuku wa Kalemie.
"Habari ya huko? Unaendeleaje?"
Sikujua anauliza mche au mimi.
"Tumeshika," nikamwambia, "tumeshika tu,"
na jua lilikuwa limekwishagusa paa la Chola,
nikamwachia Kabange simu,
nikaenda kutafuta blanketi.