Gome la Kwanza

Belarmino, ndugu yangu, weka kalamu chini kwanza.
Hesabu za vizibo zitangoja.
Leocádia amekuja tena na kile kiatu,
kiatu, ndiyo, soli yake ni vumbi letu la kiwandani,
lile tunalolifagia kila Jumamosi
na kulichoma tanurini tukijiona werevu.

Ulimcheka. Nami nilicheka, nikaona haya
baadaye, usiku, niliposikia kule ghalani
mashine ya zamani ikikohoa, yeye akiibembeleza
kama mtu na punda aliyegoma.

Unasema jina la mlangoni ni la babu, tusilichezee.
Zeferino alikuwa nani kabla jina lake halijawa mlango?
Mbandua magome, shoka begani,
deni la mkate kwa Eufrásia,
aliyeuza nyumbu wake wa pekee akanunua msumeno,
na baba yake hakusema naye mwaka mzima.
Leo tunamwita mwanzilishi. Siku ile aliitwa mwendawazimu.

Wewe unaujua mwaloni kuliko mimi:
gome la kwanza, baada ya miaka ishirini na mitano,
hutoka gumu, limepasukapasuka,
hakuna chupa inayolitaka.
La pili, miaka tisa mbele, afadhali kidogo.
La tatu ndilo linaloziba mvinyo.
Nani amewahi kuukata mti
kwa kosa la gome la kwanza?
Tunauchora namba nyeupe, tunaondoka, tunasubiri.

Basi mchore mtoto namba.
Simwombei urithi; huo ataupata tukifa,
na huenda wakati huo moto wake umeshapoa.
Naomba kona ya ghala, mashine ile mbovu,
fedha za msimu mmoja, na ukurasa wake daftarini
ambao mimi na wewe hatuutii mkono.
Apate hasara yake mwenyewe.
Zetu tulizipata, tukazificha:
vile vizibo elfu kumi vilivyovuja Porto, unavikumbuka?

Nimekusikia ukicheka. Usijizuie.

Jana aliuza jozi kumi na moja. Kumi na moja tu.
Leo tatu zimerudishwa, gundi imeachia.
Nilimkuta amezipanga mezani, halii,
anaandika kwa penseli: gundi, joto, siku ya nne.
Babu hakujua kuandika,
lakini uso ulikuwa uleule.

Ufunguo wa ghala uko mfukoni mwako.
Nausikia ukilia kila unapotembea.