Dereva Hajapatikana

Sheuya kaileta kwa baiskeli, imefungwa kamba ya katani,
kompyuta ya ofisi ya shamba la mkonge
iliyouzwa mnada mmoja na viti.

Kuiwasha: herufi nene kama za bango,
rangi kumi na sita, basi.
"Inasemaje?" Nikamfasiria:
dereva hajapatikana.

Akatazama nje, Barabara ya Kumi na Mbili.
"Baba aliendesha lori la shamba lile.
Yeye naye hawakumtafuta sana."

Nikashika bisibisi.
Waliounda kadi hii walishafunga kiwanda;
nikajaribu dereva wa ndugu yake: giza.
Nikajaribu wa zamani zaidi: giza,
na mlio mrefu, mifupi miwili.

Kumbe. Dereva hana kosa, barabara ndiyo mbovu.
Nikaichomoa kadi; meno yameota ukoga wa chumvi,
hewa yetu ya Tanga haina adabu na shaba.
Nikaazima kifutio cha mwanangu, nikasugua
kama mtoto anayefuta hesabu aliyokosea.

Dereva akakaa, rangi zikarudi.
Picha ilikuwa moja tu:
lori, mlango wazi, kiti kitupu.
"Ndiye aliyepiga," akasema Sheuya,
akaomba nisizime kwanza.