Picha Haina Pua

Niliyaanza mwezi wa Rajabu:
makopo ya rangi kumi na moja, na beseni lililotoboka.
Udongo nimeutoa Pongwe kwenye kiroba,
samadi nimeiomba Mwang'ombe,
nikaja nayo kichwani, watu wakiziba pua.
"Bi Saada, unazika nini humo?"
Napanda harusi, nikawajibu, nikapita.

Mbegu za zinia alinipa Shemhilu,
aliyekuwa akitunza bustani ya hoteli Raskazone.
Kazifunga kwenye karatasi ya kalenda,
Februari nzima imekunjwa mara nne.
Asumini ilikuwapo tangu zamani, imeukumbatia ukuta wa choo
na haijawahi kuona haya.

Makorora maji hutoka saa tisa usiku.
Basi mimi na ndoo, ndoo na mimi,
bomba likikohoa kabla ya kutema.
Mbuzi wa jirani alikula makopo mawili.
Nilikwenda kudai fidia, nikarudi na samadi yake.

Mwantumu akija huniuliza, "Mama mdogo, lipi langu?"
Ananionyesha simu: shada jeupe, duara,
mkono wa bibi harusi wa nchi gani sijui.
Nikamwambia, cheupe changu ni asumini,
na asumini haisimami, mwanangu.
Hutungwa. Hulala shingoni, hulala nyweleni,
ukiilazimisha kusimama hunyauka kwa hasira.

Mfungo Mosi, siku sita kabla,
Shekue akapiga simu kutoka Horohoro:
lori la saruji limezuiwa, karatasi moja haina muhuri.
"Wiki mbili tu, mama."
Mwenye ukumbi akaelewa. Mpishi akaelewa, kwa kununa.
Maua hayana simu.

Yakachanua Ijumaa ileile iliyoandikwa kwenye kadi,
mekundu, ya chungwa, na lile lenye ushungi wa jogoo,
yamevaa, yamejipanga, yanatazama mlango.
Niliyakata alfajiri, kwa mshazari, chini ya kifundo,
maana zinia usipoikata
hukata tamaa.

Mwantumu alikuja mchana, akaketi sakafuni.
Tukaiweka ndoo kati yetu kama mgeni wa tatu,
tukala muhogo wa nazi.
Hakulia. Alichomoa moja, akaichomeka sikioni,
akaendelea kumenya vitunguu.

Siku yenyewe ilipofika nilibaki na nini?
Rihani iliyokwisha kuzaa, imekonda.
Mchaichai. Kijitawi cha mlimau wa kuomba.
Zinia mbili zilizorudi,
moja ndogo kama kifungo cha kanzu.
Shangazi Saumu akashuka na basi la Lushoto,
mawaridi meupe thelathini ndani ya boksi la barafu,
na boksi hilo, juzi yake, lilibeba changu.
Hakuna aliyesema kitu.
Tulinusa, tukatazamana.

Nikayavua maganda yaliyochubuka, moja moja,
nikayachanganya na majani yangu ya jikoni,
rihani ndani, mchaichai kuzunguka,
nikafunga kwa uzi wa mkonge, ukakaza sawasawa,
kisha utepe wa satini juu yake, kwa ajili ya macho.
Asumini nilimtungia nyweleni.
Hiyo haikuuliza tarehe; huchanua kila jioni, mtu awepo asiwepo.

Mpiga picha akasema, shusha shada, linaziba mkufu.
Akalishusha.
Ukiitazama picha hiyo utaona mawaridi tu,
meupe, duara, kama ya kwenye simu.
Picha haina pua.
Lakini Shekue aliinama kumwambia kitu,
akasita, akasema, "Mbona unanukia chai?"
Na huyo hapo Mwantumu, kinywa wazi, jicho moja limefumba,
picha ambayo Shangazi Saumu aliikataza isitundikwe.

Imetundikwa.

Zinia ile ndogo niliiacha ikauke vizuri.
Mbegu zake zimetoka kumi na nne.
Nimezifunga kwenye kadi ya mwaliko,
ile yenye tarehe isiyo yake.